Siri ya Nani?

Ndugu msomaji, Jumamosi moja nilisimama hapa kwetu Kalangalala, pembeni ya barabara, nikanunua karanga za shilingi mia tano. Mama muuza karanga akanikunjia karatasi umbo la pembe kama kawaida yao, nikalipa, nikawa natafuna huku natembea. Karanga zilipokwisha nikaikunjua ile karatasi ili niitupe. Loo! Nikakutana macho kwa macho na mama mmoja wa makamo. Ilikuwa kopi ya kitambulisho chake cha taifa. Jina lake lote matatu, tarehe ya kuzaliwa, namba ile ndefu, sahihi yake ya kuhangaika, na chini kabisa mtu kaandika kwa kalamu ya wino namba yake ya simu na mtaa anaokaa.

Nikarudi. Nikamwuliza mama, karatasi hizi unazitoa wapi?

"Kwa kijana wa steshenari, baba. Nanunua kwa kilo. Kwani zimechafuka?"

Hazikuchafuka. Nikamwomba aniuzie rundo lililobaki, akanitazama kama mtu anayetazama mgonjwa, akapokea elfu mbili. Usiku nikakaa kitandani na rundo langu. Nilikuta kopi za vitambulisho 11, fomu ya mkopo ya mtu ninayemfahamu kwa sura, karatasi ya mtihani wa darasa la sita, na barua moja ya ofisi ambayo sitaitaja, imepigwa muhuri mwekundu juu na chini: SIRI. Barua hiyo nimeisoma mara tatu nikitafuta siri yenyewe iko wapi. Ilihusu bawaba za mlango wa choo.

Sasa msinielewe vibaya. Sikuja kwenye jarida letu hili kuchekesha, ingawa mie mwenyewe nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Nimekuja kugomba. Maana tangu nikiwa shuleni nimekuwa nikiambiwa kwamba kuna kitu kinaitwa siri ya taifa, kwamba maadui wa nje wanaitafuta usiku na mchana, na kwamba kwa sababu hiyo lazima mimi na wewe tuchunguzwe, simu zetu zijulikane, midomo yetu ipimwe. Wahenga wa kijiweni hutania kwamba serikali maana yake ni siri kali. (Wataalamu wa lugha watasema neno hilo lilikuja na majahazi kutoka Uajemi; niwacheni nami na wahenga wangu.) Swali langu ni dogo tu. Hiyo siri ni ya nani, na inafichwa nani asiione?

Kwanza nikubali lililo kweli. Taifa lina siri. Mjomba wangu, ambaye ametumia miaka karibu 30 kwenye maduara ya Nyarugusu na Rwamgasa, alikuwa kijana mdogo wakati wa vita vya Kagera. Anasimulia jinsi wazee wa Kanda ya Ziwa walivyofunga midomo, mtu haulizi malori ya jeshi yanakwenda wapi wala yamepita mangapi. Ilikuwa mwaka 1979 ndege ya Libya, iliyokuja kumsaidia Idi Amin, ilipolenga kupiga matangi ya mafuta Mwanza. Ikakosa, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane kwenye hifadhi ya wanyama, wakafa swala. Mjomba akifika hapo hucheka, kisha hunyamaza. Wakati ule, anasema, siri ilikuwa yetu sote. Aliyeiuza angekuwa amemwuza mama yake. Hiyo ndiyo siri ya taifa ninayoijua na ninayoiheshimu: taifa zima linaibeba, adui peke yake ndiye asiyeijua.

Lakini tazama siri zilizotunzwa katika ukanda huu wetu wa dhahabu tangu hapo, halafu uniambie adui alikuwa nani.

Agosti 1996, Bulyanhulu, huko Kahama, wachimbaji wadogo waliondolewa kwenye maduara yao ili eneo liwe la kampuni ya Kahama Mining, mali ya Sutton Resources ya Canada. Ilisemwa, na inasemwa mpaka leo, kwamba watu zaidi ya 50 walifukiwa wakiwa hai mashimo yalipozibwa. Serikali ilikana, kampuni ikakana, na Barrick iliyoinunua Sutton mwaka 1999 nayo ikakana. Mimi sikuwapo, wala sikuwa nimezaliwa, siwezi kuapa. Ninachoweza kusema ni hiki: wanasheria wa LEAT, akina Rugemeleza Nshala na Tundu Lissu, walidai iundwe tume huru ichunguze, ijibu ndiyo au hapana. Kilichofuata mnakikumbuka. Mwishoni mwa mwaka 2001 polisi walipekua ofisi zao Dar es Salaam, Nshala akatiwa ndani, na baadaye yakaja mashtaka ya uchochezi, pamoja na Augustine Mrema aliyelisema jambo hilo hadharani. Kama hakuna aliyefukiwa, uchunguzi ungemwumiza nani? Na kama yupo aliyefukiwa, je, hiyo nayo ni siri ya taifa? Wazungu wa kampuni walijua walichojua. Mabalozi walijua walichojua. Aliyetakiwa asijue ni mama wa Kahama mwenye mtoto asiyerudi nyumbani.

Njoo Buzwagi, palepale Kahama, mgodi ambao ulishafungwa mwaka 2021, umebaki shimo. Februari 2007 mkataba wake ulitiwa sahihi hotelini mjini London na waziri wetu wa Nishati na Madini, Nazir Karamagi. Hotelini, London! Kahama palikosekana meza? Zitto Kabwe, wakati huo mbunge kijana wa Kigoma Kaskazini, alipolifikisha jambo hilo bungeni mwezi Agosti, yeye ndiye aliyesimamishwa ubunge kwa miezi kadhaa. Ila siri ilikuwa imeshatoka, na hapa ndipo ninapotaka wenye mihuri wasome polepole. Wananchi walipiga kelele nchi nzima. Novemba mwaka huohuo Rais Kikwete akaunda kamati ya Jaji Mark Bomani kuchunguza mikataba ya madini, na Zitto akawekwa ndani yake. Kamati ikatoa taarifa mwaka 2008, ikaja Sheria ya Madini ya 2010, mrabaha wa dhahabu ukapanda kutoka asilimia 3 hadi 4, na mwaka 2017 ukafika 6. Hesabu wewe mwenyewe. Kuvuja kwa siri kuliingizia taifa fedha. Kutunzwa kwake kulikuwa kunamwingizia nani?

Kuna jambo lingine linaloniudhi zaidi ya hilo la hoteli. Kampuni inayouza hisa zake Toronto inabanwa na kanuni za soko lile itangaze ina wakia ngapi ardhini, kwa kina gani, kwa gharama gani, na itarajie nini miaka ijayo. Barrick inafanya hivyo. AngloGold Ashanti, wenye mgodi huu wa Geita ulioanza kutoa dhahabu mwaka 2000, nao wanatoa vitabu vya taarifa kila mwaka kwa wenye hisa wa New York na Johannesburg. Kwa hiyo mstaafu mmoja wa Toronto, aliyekaa na paka wake sebuleni, anajua habari za udongo wa Kanda ya Ziwa kuliko diwani wa Kalangalala. Sheria ya Uwazi katika sekta hii ya uziduaji tunayo tangu 2015, na inataka mikataba itangazwe. Nimeuliza kijiweni, nimeuliza walimu, nimewauliza mabroka wa soko la dhahabu: nani kauona mkataba hata mmoja kwa macho yake? Mmoja akanijibu, "We dogo, unataka kupotea?" Akasema kwa utani. Nadhani kwa utani.

Na mwaka 2017, Rais Magufuli alipozuia makinikia na makontena 277 yakakwama bandarini, tulishangilia sote, nami nilikuwa mmoja wao. Kamati ya Profesa Mruma ikasema yake, ya Profesa Osoro ikasema yake, Acacia ikasema hesabu hizo haziwezekani kabisa. Halafu vigogo wakaingia ndani na milango ikafungwa, ikazaliwa kampuni ya Twiga yenye asilimia 16 za serikali. Sisi tulioneshwa picha ya kupeana mikono. Ndani ya kontena mlikuwa na dhahabu kiasi gani hasa? Miaka imepita, na kijiweni bado tunabishana kama watu wanaobishia mpira waliousikia redioni.

Sasa huko nje wanakosema kuna maadui. Wapo, tena wengi, na si wote wanaovaa sura ya adui. Mwaka 2012 China ilitujengea Waafrika makao makuu ya Umoja wa Afrika pale Addis Ababa, zawadi, na kompyuta zake ndani. Januari 2018 gazeti la Le Monde la Ufaransa likaandika kwamba kwa miaka mitano, kila usiku kati ya saa 6 na saa 8, wakati walinzi wanasinzia, kompyuta zile zilikuwa zikipeleka yaliyomo ndani yake Shanghai. China ilikana. Wamarekani nao wasijitie utakatifu: nyaraka alizozitoa Edward Snowden zilionesha mwaka 2014 kwamba walikuwa wakikusanya kumbukumbu za simu za Kenya, nchi nzima, nani kampigia nani na saa ngapi. Kenya hiyohiyo, rafiki yao wa kufa na kuzikana. Mwaka 2023 shirika la habari la Reuters likaeleza jinsi wadukuzi wa Kichina walivyozama miaka kadhaa katika kompyuta za wizara za Kenya, ikidhaniwa wanatafuta habari za deni. Beijing ikakana tena.

Wazee wetu walikuwa na neno dukizi kwa mtu anayejibanza kusikiliza maongezi ya wenzake. Mdukuzi wa leo hakai nyuma ya ukuta wa miti, ila ni ukoo uleule.

Je, dawa ya dukizi huyo ni ipi? Ukisikiliza hotuba utadhani dawa ni kunijua mimi. Mwaka 2019 tuliambiwa tusajili laini zote upya kwa alama za vidole, na mwisho ukasogezwa hadi tarehe 20 Januari 2020. Nilimpeleka mjomba kwenye foleni, jua la utosi. Zamu yake ikafika, akaweka kidole gumba, mashine ikakataa. Akaweka cha shahada, ikakataa. Vyote kumi vikakataa. Miaka ya kushika nyundo, kuponda mawe, kusugua unga wa dhahabu kwa maji na zebaki ilikuwa imefuta mistari yote. Vidole vyake ni laini kama kioo cha saa. Kijana wa usajili akasema, "Mzee, huonekani." Mjomba akageuka akaniuliza kwa sauti ya chini, hivi nimefanya kosa gani? Siku ile tulirudi bila laini. Baadaye alipakwa mafuta, akasuguliwa, akajaribiwa tena na tena mpaka kidole kimoja kidogo cha mkono wa kushoto kikakubaliwa. Sasa niambieni, nyie mnaojua, ni mdukuzi gani wa Shanghai aliyezuiwa na kidole cha mwisho cha mjomba wangu?

Hawa tunaowaogopa hawasajili laini Kalangalala. Tarehe 20 Mei 2025 akaunti ya Jeshi la Polisi letu wenyewe katika mtandao wa X ilitekwa na wadukuzi, wakaweka picha chafu na uongo kwamba Rais amefariki. Aibu kubwa, sikatai. Na kilichofuata? Mtandao ule ukafungwa kwa nchi nzima. Mwizi kaingia kwa mlango wa polisi, mlango uliopigwa kufuli ni wa kwetu.

Ulinzi wa kweli ni kazi ya kuchosha isiyo na ving'ora. Ni kujua kompyuta ya wizara imetoka wapi na ndani yake mna nini. Ni kuwalipa vijana waliosomea mambo hayo Dodoma na Dar es Salaam ili watuandikie programu zetu, badala ya kuwaacha wauze vocha. Ni kukataa zawadi wakati mwingine, jambo ambalo wakubwa wetu hawajalizoea. Na ni kumfundisha karani kwamba kopi iliyoharibika inachomwa moto, haiuzwi kwa kilo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kazi Mei 2023. Vizuri sana. Bado haijafika kwa mama wa karanga.

Wapo watakaoniambia, kijana, kama huna baya la kuficha unaogopa nini? Msemo huu nimeusikia kwa watu wazima na akili zao. Basi waulizeni waliotutungia hizo sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayompa askari uwezo wa kudai taarifa zako na inayoweka faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3 kwa taarifa za uongo, ilitetewa kwa ufasaha na Naibu Waziri wa Mawasiliano wa wakati ule, January Makamba. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ilisukumwa na Nape Nnauye. Julai 2019 nchi nzima ikasikiliza sauti zao, wao pamoja na Kinana na Ngeleja, wakizungumza faraghani kwenye simu juu ya mambo ya chama chao na ya mkubwa wao. Zilinaswa na nani? Sikusikia mtu aliyeshtakiwa kwa kuzinasa. Nilichoona ni Nape akienda Ikulu Septemba kuomba msamaha. Nakiri nilicheka wakati ule. Sasa sicheki. Mtu kuzungumza na rafiki yake nyumbani kwake usiku si uhaini, hata awe Nape.

Na kuna yasiyochekesha hata kidogo. Septemba 2017 Tundu Lissu alipigwa risasi mchana kweupe Dodoma. Miaka saba baadaye, Septemba 2024, gazeti la Guardian la Uingereza likaandika habari za madai yaliyotolewa na mpelelezi wa zamani wa kampuni mama ya Tigo, katika baraza la kazi mjini London, kwamba mienendo ya simu za Lissu ilikuwa ikipewa serikali siku zilizotangulia shambulio. Tazama tena: London! Mikataba yetu tunaisikia London, na mambo ya simu zetu tunayasikia London. Siri hizi hazijui kukaa nyumbani ila sisi ndio tunaofungiwa nje. Maxence Melo naye, aliyekataa kuwataja kwa polisi watu waliomwamini na habari zao, alikamatwa Desemba 2016, akazungushwa mahakamani zaidi ya mara mia, na mwaka 2020 akatiwa hatiani.

Mjomba ana nadharia yake. Zamani, anasema, tulikuwa na balozi wa nyumba kumi. Ukipata mgeni unampeleka kwa balozi, anaandikwa. Balozi alijua nani kalewa, nani kapika nyama katikati ya mwezi na fedha katoa wapi. Huo nao ulikuwa ushushushu, wala usidanganywe na wanaousifia, maana watu waliumizwa na balozi mwenye kinyongo. Baadaye Sungusungu walipoanza huku Usukumani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, nao walichapa watu, wengine bila kosa. Ila balozi ulimjua. Ulijua nyumba yake, ulijua mkewe mnagombana kisimani, na akizidisha ulimwendea asubuhi ukamwambia, bwana mkubwa, juzi umenizidishia. Huyu wa sasa unamwendea wapi? Ana mlango gani nibishe hodi?

Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima, ikawa giza kwa siku kadhaa. Hapa mabroka walikaa kwenye viti vya plastiki hawaijui bei ya dunia, wachimbaji na viroba vyao hawajui wauze au wasubiri. Rafiki yangu mmoja ana dada Dar es Salaam. Kila dakika kumi alikuwa anaitazama simu kama mtu anayetazama sufuria. Iliporudi, ndugu msomaji, picha za yaliyotokea zilishaonekana Nairobi, London na Washington. Tuliofichwa yaliyotokea Tanzania ni Watanzania.

Zile kopi 11 niliamua kuzirudisha kwa wenyewe. Nilianza na yule mama wa kwanza, maana mtaa ulikuwa umeandikwa. Nikapiga hodi, nikaamkia shikamoo, akaitika marahaba huku ameshika mlango nusu. Nikamwonesha karatasi, bado ina mafuta ya karanga. Akaitazama picha yake, akanitazama mimi, akaitazama tena.

"Nani kakutuma?"

Nikasema sijatumwa, mama, nimeiokota tu, nimeona nikurudishie.

"Umejuaje nakaa hapa?"

Nikamwonesha palipoandikwa. Aliivuta ile karatasi mkononi mwangu, akaita mtoto aliyekuwa anacheza uani aingie ndani, akafunga mlango. Nikamsikia anasukuma kitu kizito nyuma yake. Kopi 10 ninazo bado chini ya godoro, na sijui nizifanye nini.